Kama ndugu yako anapigwa mionzi, asiruke siku

Kazi yangu ni baiolojia ya molekuli, na ndani yake nimejikita kwenye swali moja: seli inafanyaje ikikatikiwa na DNA yake, ule uzi wenye maelekezo yote ya seli. Lakini huku mtaani Dar es Salaam hakuna anayeniuliza habari za vimeng'enya. Msibani, harusini, hata kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, swali ni lile lile: mgonjwa wetu wa saratani kapangiwa mionzi wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Si anaweza kwenda mara tatu tu kwa wiki? Au apumzike wiki moja kwanza, arudishe nguvu?

Hapana. Na nadhani mgonjwa akielezwa sababu yake, hahitaji kusukumwa.

Mionzi inaua saratani kwa kukata DNA. Dozi ya grei 1 (grei ni kipimo cha mionzi) huacha kwenye kila seli mikatiko takriban 40 ya aina mbaya zaidi, ile ambayo nyuzi zote mbili za DNA zimekatika mahali pamoja. Maabara tunaweza kuiona. Palipokatika, protini moja iitwayo H2AX hubadilika kidogo kikemia, nasi tunaiwekea kinachoing'arisha. Ukitazama kwa hadubini nusu saa baada ya mionzi, kiini cha seli kimejaa vidoti vya kijani, unachoka kuvihesabu. Unafunga maabara, unaenda kulala. Kesho yake unatazama seli zenye afya za kundi lile lile, zimebaki na vidoti viwili vitatu. Usiku kucha zilikuwa zinaunga. Mara ya kwanza nilimwita mwenzangu wa meza ya pili aje anihakikishie kwamba sijachanganya visahani.

Seli ya saratani nayo inaunga, ila mara nyingi kwa pupa. Fikiria wavuvi wawili pale Feri, nyavu zao zimechanika sawasawa. Mmoja anakaa kivulini anashona tundu moja moja, hatoki mpaka amalize. Mwingine anataka kuwahi maji, anafunga fundo hapa na pale, anaingia baharini. Wakichaniwa nyavu kila siku kwa wiki tano, unajua nani atakosa wavu.

Hiyo pupa ina sababu zake. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawapata wanawake wetu kuliko saratani nyingine yoyote, karibu kila mara huanzia kwa kirusi cha HPV. Kirusi hicho kina protini iitwayo E6 inayoangamiza p53, na p53 ndiyo inayoizuia seli isigawanyike wakati DNA yake ina hitilafu. Seli iliyokosa p53 inaendelea kugawanyika huku vipande vya DNA vinaning'inia, na hapo ndipo seli nyingi za namna hiyo hufia, wakati wa kugawanyika.

Kwa hiyo dozi imegawanywa vipande vidogo kwa makusudi. Mwaka 1959 Mortimer Elkind na Harriet Sutton walichapisha jaribio la seli za hamsta wa Kichina, mnyama mdogo wa jamii ya panya, zilizokuwa zikikuzwa maabara: dozi ile ile ikikatwa mara mbili na kuachiwa saa kadhaa katikati, seli nyingi zaidi hupona kuliko ikipigwa kwa mkupuo. Zile saa ni za kuunga. Kibofu, utumbo na ngozi ya mgonjwa vinazihitaji, na kutoka asubuhi moja hadi nyingine vinazipata. Mapumziko ya Jumamosi na Jumapili tayari yamo kwenye hesabu. (Ukiniuliza kwa nini ni wikiendi hasa, nitakujibu kwamba na wafanyakazi wa mionzi wana familia.)

Ukiongeza siku nyingine juu ya hizo, unayemsaidia si utumbo tena. Seli za saratani zilizobaki, baada ya wiki chache za matibabu, huanza kuzaliana kwa kasi kuliko mwanzo. Kila siku inayorukwa ni siku yao. Ndiyo maana kwa saratani ya mlango wa kizazi madaktari hulenga kila kitu, pamoja na mionzi ya ndani (ile inayowekwa ndani ya mwili, karibu na uvimbe), kiishe ndani ya wiki 8. Mashine ikiharibika au sikukuu ikiingilia kati, usikae nyumbani ukisubiri kupigiwa simu. Nenda ukaulize hiyo dozi itafidiwa lini. Kuna namna za kuifidia, lakini ni za daktari kupanga.

Haya niliyajua kwa vitabu na hadubini mpaka mama yangu mdogo alipoletwa kutoka Singida, akakaa kwetu. Wiki mbili za kwanza alikuwa anacheka na watu wa foleni. Wiki ya tatu tumbo likaanza kumwendesha, chakula hakitaki, na jioni moja akaniambia, "Mwanangu, nipumzike hata mpaka Jumatano, nitarudi." Nilimweleza habari ya seli za pupa. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo nikipumzika mimi, zenyewe hazipumziki?" Sijawahi kusikia mwanafunzi akiiweka vizuri hivyo. Asubuhi yake tukaenda, tukamwambia daktari ukweli wote kuhusu kuharisha, akapewa dawa na chumvichumvi, akaendelea. Wagonjwa wengi wanaficha kuharisha au maumivu ya mkojo wakiogopa kusimamishwa, halafu wanajisimamisha wenyewe. Semeni mapema.

Kingine kinachowaangusha watu ni nauli, wala si ugonjwa. Mtu anatoka Mbagala au Gongo la Mboto kila siku ya kazi, na msindikizaji wake. Wiki ya kwanza ndugu wote wanachanga, wiki ya nne simu hazipokelewi. Changisheni ya wiki zote kabla ya siku ya kwanza, akae nayo mtu mmoja mwenye roho ngumu. Sisi tulikubaliana na kijana wa bajaji, tukamlipa kila Ijumaa. Kwa wanaotoka mikoani, tafuteni ndugu wa karibu na hospitali hata kama nyumba yake ni ndogo.

Zile alama zilizochorwa mwilini mgonjwa asizisugue. Mama mdogo ni mtu wa dodoki, ilibidi tulifiche. Mashine inalengwa kwa alama hizo.

Halafu damu. Hospitali inapokataa kumpiga mgonjwa mionzi mpaka aongezewe damu, ndugu huona ni usumbufu. Si usumbufu. Jina la kipimo cha grei limetoka kwa mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray, ambaye yeye na wenzake mwaka 1953 walieleza kwamba seli yenye oksijeni huumizwa na mionzi zaidi sana kuliko iliyokosa. Tofauti yake inakaribia mara tatu. Oksijeni hukifanya kidonda cha DNA kiwe kigumu kuungika. Uvimbe uliomo ndani ya mtu asiye na damu ya kutosha umejificha. Kwa hiyo ndugu wanaoweza kuchangia damu wajitokeze mapema, na anayevuta sigara aache sasa, maana moshi wake unachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Wengi wanaopigwa mionzi ya mlango wa kizazi hupewa pia dripu ya sisiplatini mara moja kwa wiki. Dawa hii inafunga mafundo kwenye DNA. Seli huyaondoa kwa kukata kipande chenye fundo na kujaza upya, njia aliyoichambua Aziz Sancar, mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kazi ya ukarabati wa DNA. Wenzake ni Tomas Lindahl na Paul Modrich. Mionzi inakata, sisiplatini inaziba njia ya kuunga. Ila ni kali kwa figo, basi maji anayoambiwa anywe ayanywe kweli.

Sasa nifike kwenye unga wa mlonge na vidonge vya "kuimarisha mwili" ambavyo kila jirani huja navyo. Chakula cha kawaida, matunda, mchicha, sina neno. Wasiwasi wangu ni vidonge vya vitamini vya dozi kubwa, hasa C na E, siku za mionzi. Mionzi inafanya sehemu kubwa ya kazi yake kupitia kemikali kali zinazozaliwa kwenye maji ya seli, na vidonge hivi vinatangazwa kwa sifa hiyo hiyo ya kuzizima. Utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2005, kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, haukuwapa faida waliomeza vitamini E. Kipindi cha kuimeza, waliorudiwa na saratani au kupata saratani mpya walikuwa wengi zaidi. Chochote kilichomo kwenye mkoba, kipelekeni kwa daktari akione.

Dozi ya mwisho ikipita, msikimbilie kipimo wiki inayofuata. Seli nyingi zilizovunjwa hazijafa bado, zinasubiri kugawanyika. Uvimbe unaweza kuendelea kunywea kwa wiki nyingi, ndiyo sababu kipimo cha kuona matokeo hufanywa mara nyingi baada ya miezi mitatu hivi. Tarehe hiyo iandikeni kwenye simu mbili, ya mgonjwa na ya mtu mwingine. Yeye atakuwa amerudi kwao, kilimo kimeanza, anajisikia mzima.