Maswali ya Wasomaji: Akiba ya Dharura Niiweke Wapi?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Shela, Lamu, na nina duka dogo la kanga. Fedha zangu zote huziweka katika simu. Mwezi uliopita mwanangu alishikwa na homa kali usiku, tukahitaji boti ya kutupeleka hospitali mjini Lamu, na mtandao ulikuwa umepotea tangu magharibi. Nahodha alitaka fedha za mafuta mkononi, nami sikuwa na hata shilingi mia. Jirani alinikopesha, na mtoto sasa hajambo. Je, nifungue akaunti ya benki? Ya aina gani? Na nyumbani niweke kiasi gani?

JIBU: Wa aleikum salaam, mama, na pole kwa yaliyokupata. Fedha za kwenye simu hazitoki mpaka mtandao uwepo, simu iwe na chaji, na wakala awe na noti za kukupa, na mambo hayo matatu huweza kukosekana kwa pamoja. Umeme ulipokatika karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, aliyekuwa na noti mfukoni alinunua mshumaa, na mwenye simu iliyozimika alingoja.

Kiasi cha kuweka nyumbani kikokotoe mwenyewe. Anza na nauli ya boti ya kukodi usiku, kwenda na kurudi, ambayo unajua haifanani na ya mchana, kisha ongeza dawa na chakula cha siku tatu. Msimu wa kusi bahari inapochafuka, au mvua zinapokata barabara ya Garsen kama ilivyotokea pale Gamba mwishoni mwa 2023, bidhaa huchelewa kufika na bei hupanda, kwa hivyo mimi ningeifanya siku tano. Ziwe noti za 50, 100 na 200, kwa sababu nahodha aliyeamshwa saa nane za usiku hana chenji ya elfu.

Usizifiche katika zidaka wala chini ya kasha. Hapo ndipo kila mwizi huanzia. Zifunge kwa mfuko wa plastiki, uzitie katika mkebe wenye kifuniko kinachokaza, kwani unyevu wa bahari na mchwa havichagui noti, na mtu mzima mmoja zaidi ajue zilipo. Kila baada ya miezi michache zitoe uzitumie, uweke nyingine. Noti za zamani za shilingi 1,000 zilipoacha kutumika baada ya tarehe 30 Septemba 2019, zaidi ya noti milioni 7 zilikuwa hazijarudishwa, na sidhani wenyewe wote walikuwa matajiri.

Akaunti ya benki ifungue, lakini chagua benki ambayo tawi lake unaweza kulifikia kwa boti ya kawaida. Uliza ada ya kila mwezi, kiwango cha chini kisichotolewa, na makato ukitumia mashine ya benki nyingine. Akaunti ya muda maalumu, hata ikiahidi faida nono, haifai kwa dharura, maana kuivunja kabla ya wakati kuna masharti yake. Ikiwa wachelea riba, tangu 2008 tuna benki zinazofuata sharia.

Shirika la kulinda amana, KDIC, hufidia hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki iwapo benki itafilisika. Amana za SACCO hazimo katika kinga hiyo. Hata hivyo, kulindwa si sawa na kulipwa siku hiyo hiyo. Benki ya Chase ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama, tarehe 7 Aprili 2016, wateja walikaa takriban wiki tatu kabla ya milango kufunguliwa tena. Ndiyo sababu nakushauri matumizi ya mwezi mmoja yakae benki, ya wiki moja yabaki katika simu, na mkebe usiguswe kwa ajili ya biashara, hata siku ambayo mzigo wa kanga umefika kwa bei nzuri.

Kabla ya yote hayo, mrudishie jirani deni lake, kisha mkebe uanze na noti zitakazobaki.