Kutenga saa za kazi nzito: nilivyofanya mimi ofisini

Mkuu mleta mada, umesema unaingia kazini na orodha ya mambo kumi na mbili, jioni unatoka umejibu simu na meseji tu, na ripoti uliyotakiwa kuandika haijaguswa. Umeuliza kama kutenga saa maalumu kunafanya kazi kweli kwenye ofisi zetu hizi, ambako kila mtu anaingia bila kubisha. Kunafanya kazi. Ila mimi nilikosea kwanza, naomba nianzie hapo.

Ni mhasibu hapa Dar, nashika vitabu vya wafanyabiashara wadogo. Mwezi wangu una milima miwili: tarehe 7 kodi ya mishahara ya mwezi uliopita iwe imelipwa, tarehe 20 ritani za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani, ziwe zimeingia. Siku moja niliandaa ritani huku napokea simu. Kila nikirudi kwenye kompyuta natafuta nilipoishia. Ankara moja ya manunuzi nikaiingiza mara mbili, nikaituma hivyo hivyo. Kuja kurekebisha na kumweleza mteja kulinigharimu siku nzima, na aibu juu. Ankara yenyewe haikuwa ngumu. Niliikosea kwa sababu akili yangu nusu ilikuwa bado kwenye simu niliyotoka kuikata. Mtafiti Sophie Leroy aliliandikia jambo hili mwaka 2009: ukihama kazi kabla hujaimaliza, sehemu ya mawazo inabaki kule ulikotoka. Niliposoma hilo nilijiona.

Basi nikanunua shajara, nikaigawa siku nzima kwa nusu saa nusu saa, mpaka muda wa kujibu barua pepe. Haikumaliza wiki. Mteja mmoja akija saa tatu na mfuko wa risiti, ratiba yote inaanguka, na ikianguka unakata tamaa na siku nzima. Siku hizi nalinda kipande kimoja tu: saa moja na nusu asubuhi hadi chai ya saa nne. Saa zinazobaki ni za watu, na sizigombanii.

Kipande hicho kina kazi moja, na naiandika jana yake kabla sijafunga ofisi. Siandiki "hesabu za mteja fulani", maana hiyo haina mwisho. Naandika "kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, mwezi wa tatu, tofauti zote zijulikane". Nikikaa asubuhi sina la kuchagua, nafungua faili naanza. Simu iko kwenye droo bila sauti, isipokuwa namba mbili za nyumbani. Pembeni naweka karatasi, kwa sababu ukitulia tu ndipo unapokumbuka luku imekaribia kuisha na fulani hujampigia. Naandika pale, naendelea. Umeme ukikatika, nina lundo la risiti za kupanga kwa tarehe, kazi isiyohitaji mashine.

Kuna wanaosifu mtindo wa Mwitaliano Francesco Cirillo, dakika 25 kazi, dakika tano pumziko. Kwa kujibu barua unafaa. Kwa kulinganisha benki mimi ndiyo kwanza nakuwa nimekolea dakika ya 25, kengele ikilia inanivuruga.

Sasa watu, maana najua hapo ndipo penye kazi. Kwetu huwezi kumfungia mtu mlango usoni. Atasema unaringa, na atakuwa na haki. Mimi nasimama, nasalimiana naye vizuri, nauliza hali ya nyumbani, halafu namwambia: "Kaka, nina hesabu mkononi, nikutafute saa nne na nusu?" Na saa nne na nusu namtafuta kweli. Ukiahidi usipotimiza, kesho hakuamini tena, atakaa kwenye kiti mpaka umhudumie. Wiki mbili za mwanzo walinijaribu sana. Baadaye wateja wenyewe wakaanza kuambizana kwamba huyu ni wa baada ya chai.

Na ukifika tarehe 21, usikiache kipande kile kwa sababu presha imeisha. Hapo ndipo mimi naanza kulinganisha benki za mwezi unaoendelea. Tarehe mosi inanikuta sina kiporo kikubwa, na mlima wa tarehe 7 unakuwa mfupi.

Kuhusu hofu yako kwamba bosi atasema unajificha: usianze kimyakimya. Nilipokuwa bado nimeajiriwa nilimfuata bosi wangu, sikumwambia habari za umakini wala utulivu. Nilimwambia, "Mzee, nikiachiwa mpaka saa nne asubuhi, ripoti ya mwezi utaipata tarehe 5 badala ya 12." Akakubali kwa mwezi mmoja wa majaribio, na tarehe 5 ilikuwa mezani kwake. Hakuuliza tena. Wewe unakaa ukumbi wa wazi na wenzako sita, kwa hiyo omba kidogo: Jumanne na Alhamisi, dakika tisini tu, na mwenzako mmoja akupokelee simu muda huo, nawe umpokelee zake siku nyingine. Ripoti uliyoitaja ianze nayo Jumanne hii, kisha rudi hapa utueleze bosi alisemaje.