Maswali ya Wasomaji: Kutafuta Magofu ya Mashamba ya Miwa Katika Visiwa vya Karibi

Barua tulizozichagua safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaopenda matembezi ya msituni yenye lengo la kutafuta mabaki ya mashamba ya kale ya miwa katika Karibi. Wengi wametaja kisiwa cha St. John, na majibu yetu yameegemea huko.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tunajiandaa kwenda St. John, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani. Tunaelewa kwamba mashamba mengi ya zamani yamemezwa na msitu. Je, mtu asiye mtaalamu wa akiolojia aanzie wapi, na atajuaje kwamba amelikaribia gofu?

JIBU: Aanzie kwenye nyaraka, kabla hajafikiria viatu vya safari. Denmark ilianza kukikalia kisiwa hicho mwaka 1718 na ikakiuza kwa Marekani mwaka 1917, pamoja na St. Thomas na St. Croix, kwa dola milioni 25 za dhahabu. Katika muda wote huo maofisa wake waliandika karibu kila kitu: hesabu za kodi, orodha za watumwa, mirathi na kesi. Mwaka 2017 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Denmark iliweka kwenye intaneti, bila malipo, kurasa takriban milioni 5 za kumbukumbu hizo. Sehemu kubwa imeandikwa kwa Kidenmaki na kwa mwandiko wa kizamani unaochosha macho, lakini ramani zinasomeka hata kwa asiyejua lugha. Ofisa wa jeshi Peter Oxholm alikipima kisiwa mwaka 1780, na ramani yake, ikilinganishwa na ramani ya leo inayoonyesha miinuko, inaweza kukupunguzia eneo la kutafuta kutoka bonde zima hadi bega moja la kilima.

Ukishaingia msituni, soma mteremko. Kiwanda cha sukari kilipangwa kwa kufuata safari ya maji ya miwa: kinu cha kukamulia miwa kilikaa juu na nyumba ya kuchemshia ikakaa chini yake, ili maji hayo yateremke yenyewe bila kubebwa. Kwa hiyo ukikuta uwanja wa mviringo uliosawazishwa na kukingwa kwa ukuta wa mawe upande wa bondeni, ujue kwamba huenda hapo palikuwa na kinu kilichozungushwa na nyumbu, farasi au ng'ombe. Shuka kidogo, utafute jengo refu lenye jukwaa la matofali na mashimo ya mviringo yanayopungua ukubwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Katika kila shimo ilikaa sufuria kubwa ya chuma au shaba, na maji ya miwa yalihamishwa kwa upawa mrefu kutoka sufuria moja hadi nyingine huku yakizidi kuwa mazito. Moto ulichochewa kutoka nje ya ukuta kwa makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa, chini ya sufuria ndogo kuliko zote, na joto lake likapita chini ya zile nyingine kabla ya kutoka kwa bomba la moshi. Tao la mlango wa moto huo mara nyingi hubaki hata pale ambapo kuta nyingine zimeanguka.

Minara ya vinu vya upepo, kama ule wa shamba la Annaberg kisiwani humo, ndiyo inayopigwa picha zaidi, lakini mashamba mengi ya St. John hayakuwa nayo kabisa. Anayetafuta minara peke yake atapita kando ya mabaki mengi bila kuyatambua. Afadhali kuangalia mimea na vifaa vya ujenzi. Mkwaju mkubwa uliosimama peke yake, au kichaka cha sansevieria, mmea wa asili ya Afrika wenye majani marefu na magumu yanayosimama wima, mara nyingi huashiria mahali palipokuwa na makazi. Matofali madogo ya njano yaliyoletwa na meli kutoka Ulaya, na matumbawe yaliyochongwa kwa ajili ya pembe za nyumba, ni ushahidi wa wazi zaidi.

SWALI: Nilitembelea magofu kadhaa ya Karibi nikaona vinu, nyumba za kuchemshia na nyumba za mabwana, lakini sikuona mahali walipoishi watumwa, ambao ndio waliokuwa wengi. Walikaa wapi?

JIBU: Swali lako ndilo zito kuliko yote, na tunasikitika kwamba maelezo mengi ya watalii hulipita haraka. Jiwe na chokaa vilitumika kwa mali ya mwenye shamba. Waliolima na kukamua miwa, kwa miaka mingi na katika visiwa vingi, waliishi katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa kwa nyasi au majani ya miwa, ambazo zikishaanguka haziachi ukuta. Kinachobaki ni vijukwaa vidogo vilivyosawazishwa kwenye mteremko, mawe matatu manne ya mafiga, makombe ya baharini yaliyotupwa baada ya mlo, na vigae vya vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto wa wazi, vikiwa vimechanganyika na vipande vya sahani za Kiingereza. Tafuta mahali ambapo msimamizi angeweza kuwaona watu akiwa barazani kwake, na mara nyingi penye ardhi mbovu isiyofaa kwa miwa.

Makaburi nayo yana habari zake. Katika shamba la Newton, Barbados, hapakuwa na mawe ya kaburi juu ya ardhi, na mtembezi wa kawaida angeona uwanja wa majani tu. Hata hivyo, wanaakiolojia Jerome Handler na Frederick Lange walipochimba hapo katika miaka ya 1970 walikuta zaidi ya watu 100 waliozikwa. Mmoja wao, mwanamume mzee, alizikwa na mkufu wenye makombe madogo ya kauri, shanga za kioo, meno ya mbwa, pingili za uti wa mgongo wa samaki na ushanga mkubwa wa akiki, pamoja na kiko ambacho yamkini kilitoka Afrika Magharibi. Vitu hivyo vinatuonyesha mtu mwenye heshima miongoni mwa wenzake, jambo ambalo daftari la shamba lisingetuambia, kwa kuwa humo mtu aliorodheshwa pamoja na bei yake.

Huko St. John, usiishie kwenye magofu ya sukari. Tarehe 23 Novemba 1733 watumwa, wengi wao wakiwa Waakwamu kutoka nchi ambayo leo ni Ghana, waliiteka ngome ya Coral Bay na kushikilia sehemu kubwa ya kisiwa kwa miezi kadhaa, hadi Wafaransa kutoka Martinique walipoitwa kuwakandamiza. Utumwa wenyewe katika makoloni hayo ulikoma tarehe 3 Julai 1848. Ukipanda kilima cha ngome hiyo ukiwa na ramani ya 1780 mkononi, utaelewa kwa nini aliyekishika kilima aliishika ghuba nzima.

SWALI: Katika matembezi niliokota kipande cha shina la kiko cheupe cha udongo. Mke wangu anasema ni takataka tu. Je, ningeruhusiwa kukichukua kiwe ukumbusho?

JIBU: Hapana, na mkeo kwa kiasi fulani amesema kweli: takataka ndiyo hazina ya akiolojia. Tundu la mashina ya viko vya Kiingereza liliendelea kuwa jembamba kuanzia karne ya 17 hadi ya 18, na tangu mwanaakiolojia J. C. Harrington alipoonyesha jambo hilo mwaka 1954, wataalamu hupima matundu ya vipande vingi ili kukadiria umri wa mahali. Kipande kilichoondolewa na kuwekwa mezani kwako hakiwezi tena kusaidia kukadiria umri wa mahali kilipotoka. Zaidi ya nusu ya St. John ni Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1956, na sheria ya Marekani ya mwaka 1979 inalinda mabaki yenye umri wa miaka 100 au zaidi katika ardhi ya serikali; kosa la kwanza linaweza kuleta faini ya hadi dola 10,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja, na adhabu huongezeka thamani ikizidi dola 500. Vifaa vya kutambua metali navyo vimepigwa marufuku hifadhini. Piga picha ukiweka rula pembeni, andika mahali, uwapelekee wahusika wa hifadhi, na usizitangaze hadharani namba za GPS za mahali hapo, kwa sababu wachimbaji haramu nao husoma.

SWALI: Kuna hatari gani za kujihadhari nazo?

JIBU: Wa kwanza ni mti wa manchinili, unaoota karibu na fukwe na kuzaa tunda la kijani linalofanana na tofaa dogo. Utomvu wake huunguza ngozi na macho, tunda halifai hata kuonjwa, na hupaswi kujikinga mvua chini yake, kwa kuwa matone yanayopita kwenye majani hubeba sumu. Visima na matangi ya maji ya mashamba ya kale mara nyingi hufunikwa na majani makavu. Tanguliza fimbo, usitembee peke yako, na usipande juu ya kuta, kwa usalama wako na wa kuta zenyewe.