Huna kasoro, ndugu yangu

Mkeo anakushangaa unavyopenda filamu nzito za Ulaya, nawe unajiuliza kama una kasoro. Huna. Chukua Funny Games ya mwongozaji Michael Haneke, ya 1997, ambamo vijana wawili wanaiteka familia moja na kuitesa. Mtoto anapopigwa risasi, kamera iko jikoni na mmoja wa wauaji, anajitengenezea mkate. Tunasikia mlio tu. Baadaye mwenzake anauawa kwa risasi, na yule wa jikoni anatafuta rimoti, anarudisha filamu nyuma, mwenzake anakuwa hai tena! Unapandwa na hasira, kisha unashtuka: kumbe ulifurahia ile risasi iliyomuua muuaji. Utamu wenyewe (kama ni utamu) uko hapo, kushikwa ugoni na nafsi yako. Ila mkeo usimlazimishe. Akitaka kuonja, mwanzishie Caché ya 2005, ya Haneke huyohuyo. Damu yake ni kidogo, ingawa sehemu moja itamrusha kitini.