Kuielewa Hispania ya leo: mimi nilianzia jikoni kwa bibi wa Madrid

Mdogo wangu mleta mada, umesema Septemba unakwenda Granada kusoma shahada ya pili, lugha umeshajifunza miaka miwili, na sasa unataka vitabu na filamu za kukuonyesha Wahispania wa leo wakoje. Nimepitia majibu ya wenzangu hapo juu. Mmoja kasema ukishaona tamthilia ya Money Heist na mechi mbili za Real Madrid na Barcelona umemaliza masomo. Mwingine kakutuma kwa Don Quijote, riwaya ya karne ya 17. Huyu wa pili ana nia njema, ila ni sawa na mgeni akuulize habari za Dar ya leo, wewe umpe utenzi wa karne ya 18.

Mimi nilikaa Madrid kuanzia 2014 hadi mwisho wa 2021. Sikwenda kusoma. Nilikuwa nalea mzee, kazi ya kulala hukohuko, wenyewe wanatuita interna. Bibi yangu (namwita hivyo sasa, ila mwaka wa kwanza mzima nilimwita señora) alikuwa mwalimu mstaafu, kazaliwa miaka michache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Macho yalikuwa yamemwishia. Wiki ya pili akaniambia mshahara ni mmoja lakini kazi ni mbili: kumwogesha na kumsomea. Kwa hiyo Kihispania changu ni cha kusoma kwa sauti jikoni huku dengu zinachemka, na kila nilipokosea mkazo wa neno aligonga fimbo sakafuni. Usitarajie ya kiprofesa hapa.

Kitu ambacho mimi sikuambiwa na mtu ni hiki. Utawakuta watu wanaoongea sana, tena kwa sauti, baa nzima inavuma kama mzinga. Utadhani hawana siri. Kumbe yapo mambo ambayo ndani ya nyumba hayatajwi, baba hamwambii mwana, na hayo ndiyo waandishi na watu wa sinema wamekuwa wakiyatoa nje kwa miaka hamsini hivi tangu dikteta Franco, mshindi wa vita vile, afe Novemba 1975. Sheria zao zilibadilika mbio. Ndimi za majumbani zilibaki nyuma.

Anza na Nada ya Carmen Laforet. Najua ni ya zamani, tuzo ya riwaya ya Nadal ilipotolewa kwa mara ya kwanza ilikwenda kwa kitabu hicho, na mwandishi alikuwa na miaka 23. Lakini ni rahisi kusoma na kinamhusu msichana kama wewe, Andrea, anayefika Barcelona usiku kuanza chuo kikuu na kufikia kwa ndugu zake mtaa wa Aribau. Vita vimeisha juzi. Nyumba imejaa vumbi, kelele na njaa. Mtoto wa watu anafika mahali pa kunywa maji yaliyochemshiwa mboga. Na katika kurasa zote hizo hakuna anayekaa akaeleza vita vilifanya nini. Bibi alinisomesha kitabu hicho mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia mbona hakuna kinachotokea. Akajibu: soma tena, sikiliza wanachonyamazia.

Hapo ndipo akaanza kunipa na yake, kidogokidogo, kama mtu anayetoa sarafu kwenye kitambaa. Kwamba hadi 1975 mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe kufanya kazi au kufungua akaunti benki. Kwamba zinaa ilikuwa kosa la jinai hadi 1978, na talaka ikaruhusiwa 1981. Halafu nchi hiyohiyo, mwaka 2005, ikapitisha ndoa ya jinsia moja. Uwe na maoni yoyote juu ya hilo, lakini piga hesabu: mwanamke aliyeomba ruhusa ya mume ili apate kitabu cha benki aliyaona yote mawili kabla hajazeeka sana. Filamu za mwongozaji Almodóvar za miaka ya 1980 zimetoka katika mbio hizo. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa kampuni ya simu, mchana ofisini, usiku na kamera yake ndogo. Utazipenda au utazikimbia, mimi nilizikimbia kwanza. Bibi alicheka akasema rangi zile zote na makelele yale ni ya mtu aliyefungiwa chumbani miaka arobaini, akafunguliwa mlango siku moja.

Sasa la makaburi, na hapa nitakaa kidogo, maana Granada utalikuta mlangoni. Mshairi Lorca aliuawa karibu na mji huo Agosti 1936 na mwili wake haujapatikana hadi leo. Wahispania wa wakati ule walikuwa na neno: kumpeleka mtu "paseo", matembezi. Wauaji wanakuja usiku, wanasema twende tukatembee kidogo, asubuhi maiti iko kwenye mtaro wa kando ya barabara. Jaji Baltasar Garzón alipofungua faili mwaka 2008 alitaja waliopotea zaidi ya 114,000. Sheria ya msamaha ya 1977 iliwatoa wafungwa wa kisiasa gerezani, na papo hapo ikafunga mlango wa kuwashitaki waliofanya yale. Watu wakakubaliana bila kuandikiana: tusichimbe.

Aliyeanza kuchimba hakuwa serikali. Mwaka 2000 Emilio Silva, mwandishi wa habari, alimfukua babu yake kijijini Priaranza del Bierzo, kaburi moja na wenzake, watu 13. Mwaka uliofuata Javier Cercas akatoa Soldados de Salamina. Mwandishi mmoja wa upande wa mafashisti anaponyoka mbele ya bunduki za kikosi, anajificha kwenye vichaka, askari wa Jamhuri (upande ulioshindwa) anamwona uso kwa uso, anageuka na kupaza sauti kwamba hapa hakuna mtu. Riwaya nzima ni msako wa askari yule asiye na jina. Watu waliinunua kama mkate, na nadhani ni kwa sababu iliwapa wajukuu kisingizio cha kuuliza. Wapo waliomlaumu kwamba kampa fashisti nafasi ya mbele na mshindwa kamwacha kwa kurasa za mwisho. Lawama hiyo ina haki yake, lakini kurasa zile za mwisho ndizo zilizonitoa machozi jikoni.

Tarehe 24 Oktoba 2019 tulikuwa mbele ya televisheni, Franco akifukuliwa kutoka Valle de los Caídos, kaburi lake la fahari. Jeneza begani kwa jamaa zake, halafu helikopta. Bibi haoni, kwa hiyo mimi ndiye mtangazaji: sasa wanatoka, sasa mvua inanyesha kidogo, sasa inapaa. Akaniambia nizime, nimmenyee chungwa. Akala nusu. Kisha akasema: "Yule kaondoka kwa helikopta. Baba yangu yuko mtaroni." Baba yake alikuwa mwalimu kama yeye. Miaka mitano nimemwogesha sikuwahi kulisikia. Jumapili binti yake alipokuja kula, nikafanya kosa la kugusia. Mama mtu mzima, zaidi ya miaka hamsini, akaweka uma chini. Alikuwa hajui.

Ndiyo maana Madres paralelas ya Almodóvar ilipotoka 2021 nilikwenda kuiona peke yangu, bibi keshafariki, nami nimeshakata tiketi ya kurudi. Ina hadithi ya akina mama wawili na watoto wao ambayo, kusema kweli, ina mikasa mingi kuliko inavyohitaji. Lakini mwisho kijiji kizima kinatembea kwenda kwenye shimo lililofukuliwa, wanawake mbele na picha za wafu wao. Sinema nzima ilinyamaza. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anapumua kwa shida.

Filamu ya pili ya lazima ni Te doy mis ojos ya Icíar Bollaín, 2003. Ili uielewe, jua kwanza habari ya Ana Orantes. Desemba 1997 mama huyu wa miaka 60, wa palepale mkoa wa Granada, alijitokeza kwenye televisheni ya Andalusia akaeleza miaka arobaini ya kipigo. Alikuwa ameachika, lakini mahakama ilimwacha mtalaka wake kwenye nyumba ileile, ghorofa nyingine. Siku 13 baada ya kipindi mtalaka yule akamchoma moto hadi kufa. Kabla ya hapo ugomvi wa mume na mke ulikuwa "mambo ya ndani". Baada ya hapo nchi haikuweza kurudi nyuma, na mwaka 2004 ikapita sheria maalumu. Wanahesabu rasmi tangu 2003, na wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao wameshapita 1,200. Filamu yenyewe inaanza na mwanamke anatoroka usiku na mwanawe, miguuni kavaa ndara za nyumbani. Uzito wake ni kwamba mume hakuchorwa kama zimwi. Anakwenda kwenye kikundi cha ushauri, anajitahidi, ananunua zawadi, na wewe unayeangalia unajikuta unataka afaulu, kisha unajichukia. Nilipoiona nilimkumbuka shangazi yangu mmoja wa Pongwe. Sitasema zaidi.

Wabaski, watu wa kaskazini, nitawapitia haraka kwa sababu sijawahi kuishi kwao. Soma Patria ya Fernando Aramburu (2016): mashoga wawili wa tangu utotoni (kwa maana ya zamani, marafiki wa kike, msinielewe vibaya), mume wa mmoja anauawa na ETA, kundi lenye silaha lililopigania uhuru wa Wabaski, mtoto wa mwingine yuko ndani ya ETA, na kijiji ni hicho kimoja, duka la nyama ni hilo moja. ETA iliua zaidi ya watu 800, ikatangaza kuacha mapigano moja kwa moja 2011. Kitabu ni kinene, sura ni fupifupi, utakimaliza kwenye basi.

Halafu uitoke miji. Sergio del Molino alitoa kitabu 2016, La España vacía, yaani Hispania tupu, ile ya ndani ambako unaendesha gari saa nzima hujaona mtu. Wanavijiji wakalikamata neno wakaligeuza kidogo: vaciada. Tofauti ni kama ya kusema ndoo ni tupu na kusema ndoo imemwagwa. Kwa jina hilo wakaandamana Madrid Machi 2019. Filamu ya Alcarràs ya Carla Simón, iliyopata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, 2022, inakuonyesha familia inayovuna pichi kwa mara ya mwisho kwa sababu shamba ni la ahadi ya mdomo tangu wakati wa vita, hakuna karatasi, na mrithi wa mwenye ardhi anataka paneli za sola. Wachezaji ni wakulima wa hukohuko, wanasema Kikatalani chao. Angalia pia wavunaji Waafrika wanaopita humo. Kamera haiwakalii sana, lakini mimi niliwaona wao kwanza, maana nilikuwa na jamaa wa Senegal waliokwenda Lleida, mkoa wa filamu hiyo, kila kiangazi kufanya kazi hiyohiyo.

Na hapa nije kwetu, kwa sababu umeuliza pia "weusi wanaonekanaje huko". Mwezi wa kwanza jirani aliniuliza kwenye lifti kama natoka Guinea. Nikamuuliza bibi, Guinea ipi? Akajibu bila kufikiri: "Yetu." Guinea ya Ikweta ilipata uhuru 12 Oktoba 1968, na tarehe hiyohiyo ni sikukuu ya taifa la Hispania. Kuanzia 1971 hadi 1976 serikali ilifanya habari za koloni hilo kuwa siri ya dola. Gazeti haliruhusiwi kuandika. Ndiyo maana Mhispania wa kawaida anaweza kukushangaa unavyojua lugha yake, na hajui kuna nchi nzima ya Afrika inayoisema. Msome Donato Ndongo, Las tinieblas de tu memoria negra (1987), mtoto wa kule aliyegawanyika kati ya padri na mila za ukoo. Kisha Hija del camino ya Lucía Mbomío (2019), binti aliyezaliwa pembezoni mwa Madrid, kila siku anaulizwa ametoka wapi. Jina jingine ulishike: Lucrecia Pérez, mfanyakazi wa ndani kutoka Jamhuri ya Dominika, aliyepigwa risasi Aravaca, Madrid, Novemba 1992 kwa rangi yake. Wenzangu wa kazi walilitaja kila mwaka. Sisi wa majumbani hata haki ya fidia ya kukosa kazi hatukuwa nayo. Imekuja 2022, mimi nimeshaondoka.

Ya vitendo. Ukifika, jiandikishe maktaba ya mtaa, ni bure, na filamu wanaazimisha. Ukipita Madrid nenda Cine Doré, jumba la sinema karibu na kituo cha metro cha Antón Martín, tiketi yake ni ya bei ndogo. Mchoro wa Guernica wa Picasso uko jumba la makumbusho la Reina Sofía, jioni nyingi saa za mwisho hakuna kiingilio. Ulikaa New York hadi 1981 kwa sababu mwenyewe alikataa uende Hispania kabla ya uhuru kurudi. Na nyumba utakayopanga, ukiona picha ya kijana ukutani kavaa sare ya zamani, usiulize siku ya kwanza. Sifia chakula kwanza.

Ile Nada ya bibi ninayo hapa Tanga, ina alama za mafuta ya zeituni ukurasa hadi ukurasa. Ukipita kabla ya safari nitakuazima, ila ni ya kurudisha.