Kabla hujalaumu vitelojenini, muulize chura alichomwa nini

Wadogo zangu mnaoanza kazi na mayai ya chura, msije mkapoteza wiki 3 kama mimi. Nilitaka kuona yai linavyovuta vitelojenini, ile protini ambayo ini la chura jike linatengeneza likipata estrojeni, inapita kwenye damu mpaka kwenye yai, inanasa kwenye vipokezi vya utando, utando unabonyea unaimeza, ikishaingia inakatwakatwa na kuwekwa akiba, ndo kiini cha yai chenyewe (si nyuklia), chakula cha kiluwiluwi.

Sasa mimi kwa tamaa nikachagua mayai makubwa ya Xenopus (chura wa Afrika anayetumika sana maabara), milimita 1.2 hivi, upande mmoja kahawia mwingine kama maziwa, mazuri hayo! Nikaweka vitelojenini yenye rangi ya kung'aa, nikasubiri. Giza tupu. Nikatengeneza dawa upya, giza tena.

Dada mmoja pale maabara akachungulia kwenye hadubini akacheka, "We mdogo wangu, haya si yameshaiva?" Kweli, juu ya ule upande wa kahawia kulikuwa na kidoa cheupe. Kumbe chura alichomwa sindano ya hCG jana yake na wenzetu waliotaka atage (ndo homoni ileile ya kwenye mkojo wa mjamzito, zamani walikuwa wanapimia mimba kwa vyura hawahawa).

Iko hivi: hCG inaamsha seli zinazolizunguka yai, zinatoa steroidi kama projesteroni, ndani ya yai cAMP (molekuli ndogo ya kupeleka ishara) inashuka, PKA (kimeng'enya kinachozuia yai lisiive) inalegea, Mos na MAPK (vimeng'enya vya kupokezana ishara) zinapanda, MPF (kiwashio cha kuiva) inawaka, nyuklia inavunjika na kidoa kinatokea. Yai likifika hapo linaacha kumeza, hata ulimwagie vitelojenini ndoo nzima. Ila mayai madogo ya chura huyohuyo aliyechomwa hCG yanavuta kwa kasi zaidi, hapo ndo nilichoka kabisa! Insulini nayo kwenye maji ya kufugia mayai inasaidia.

Kwahiyo chukua ya milimita 0.6 mpaka 1, pima kwa lenzi usikisie kwa macho. Kolajenesi (kimeng'enya cha kutenganishia mayai) ya bei rahisi inakuja na vimeng'enya vingine vinavyotafuna protini za juu ya yai, usiyaloweke mpaka ukaenda kunywa chai. Na siku zote weka kikombe kimoja kwenye barafu, pale vitelojenini itanasa lakini haiingii, ndo utajua kinachong'aa kimemezwa au kimeganda tu nje. Mimi sikuweka, nikarudia yote.