Siku tano ni za kuanzia tu

Umeuliza kama semina ya siku tano inatosha kumwandaa mwelimishaji rika wa VVU. Kuanza, ndiyo. Ya msingi atayashika: PEP, dawa za dharura za kuzuia VVU, huanzwa ndani ya saa 72 baada ya mtu kukutana na hatari, PrEP, dawa za kinga, hutumika kabla ya kukutana nayo, na aliyemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Kigumu ni siku anapoitwa na binti aliyejipima kwa JIPIME, kipimo cha VVU cha kujipima mwenyewe, mistari imetoka miwili, yaani huenda ana VVU, analia. Hapo makabrasha ya semina hayamsaidii. Anahitaji msimamizi anayepokea simu, na muuguzi wa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) wanayefahamiana, ili ampeleke binti huyo akathibitishe majibu siku hiyohiyo. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifundishwa zaidi na mama mmoja WAVIU mshauri, yaani anayeishi na VVU na kuwashauri wenzake, kuliko semina zote; nilitembea naye nyumba kwa nyumba miezi mitatu.

Na nauli jamani! Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, wenzetu wengi walibaki bila posho. Halmashauri ziwatengee fungu lao kwenye bajeti.